Dakika Mbili za Mama Tumaini

Nilichelewa kumuaga Mama Tumaini kwa dakika mbili tu, na kosa lilikuwa la salamu. Nilitoka Tanga na basi la alfajiri, nikashuka Lushoto mjini kabla ya saa tano, nikachukua bodaboda mpaka pale barabara ya Irente inapoanza kupinda. Kutoka hapo kilibaki kile kinjia cha kupanda ambacho miguu yangu inakijua hata nikifumba macho. Walikuwa wametangaza kuaga mwili ni saa sita kamili, na Walutheri wa kule wakisema saa sita wana maana ya saa sita, si kama sisi watu wa pwani. Muda nilikuwa nao. Nilikuwa pia na neno la kumwambia, neno nililokaa nalo miaka kumi na minane, na nilijiapiza kwamba safari hii nitainama juu ya jeneza nimnong'oneze hata kama hasikii tena. Basi kwenye kona ya bomba la maji nikamkuta Mzee Shabani amekaa juu ya jiwe, mkongojo katikati ya magoti, macho yamekwisha kabisa. Sasa nani anampita Mzee Shabani? "Shikamoo, mzee." "Marahaba! Sauti hiyo naijua. Si Zuhura huyu?" Akanikamata mkono asiuachie. Tanga hawajambo? Mume? Watoto? Yule mdogo anasoma? Mvua huko imenyesha? Samaki bado ghali? Nikajibu yote, jasho linanitoka, na nilipofika uani kwaya ilikuwa imesimama na vijana wawili wanakaza skrubu ya mwisho ya jeneza. Nikabaki nimeduwaa mlangoni, viatu mkononi, pumzi juu juu, na sikuwa na mtu wa kumlaumu.

Habari za nilikozaliwa na aliyenilea tuziache, hazina kazi hapa. Ninaloandika ni ule mwaka mmoja nilipokuwa na miaka ishirini na minne, muuguzi niliyetoka chuoni juzi, nikapangiwa hospitali moja ya milimani na kupanga chumba kwa Mama Tumaini. Chumba chenyewe kilikuwa cha uani, ukuta wa mbao, kitanda chenye blanketi tatu na mimi nikaongeza kanga mbili juu yake, maana baridi ya Lushoto haina mzaha na mtoto wa Tanga. Kulikuwa na dirisha dogo la kutazama bondeni, na kona ya chumba kulikuwa na tenga la mapeasi ambalo Mama Tumaini alisema litahamishwa kesho. Halikuhamishwa mwaka mzima, lilibadilishwa matunda tu: yakiisha mapeasi zikaja plamu, zikiisha plamu yakaja parachichi. Mpaka leo nikinusa peasi lililoiva naona usingizi.

Mama Tumaini alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Mgwashi, mfupi, mwenye mikono mikubwa kama ya mwanamume na kicheko cha kuficha mdomo. Alikuwa na binti mmoja tu, huyo Tumaini, wakati huo yuko kidato cha tatu na mdomo haumpungui. Shamba lao la mboga lilikuwa bondeni chini kabisa, nyumba iko juu, na kati yake kuna kipando ambacho mimi siku ya kwanza nilikipanda nikakaa chini mara nne. Yeye alikipanda kila siku, kichwani tenga la karoti au kabichi. Asubuhi tulikunywa chai ya maziwa yaliyoletwa kutoka Kwai, na viazi mviringo vya kuchemsha tulivyovimenya kwa vidole tukiwa tumezunguka moto. Na Jumapili, akirudi kanisani, kama kuna kuku wa kuchinja, alimtia kwapani akatembea naye mpaka kwa jirani yake Mzee Shabani, amchinje yeye. "Mwanangu wa Kiislamu hatakula kibudu nyumbani kwangu," alisema. Nilimwambia mara mia asijisumbue, nitakula maharage. Hasikii. Nikamwona anapita kwenye ukungu na gauni lake la kanisani, kuku anachungulia kwapani, anasalimia kila mlango. Nilimpenda tangu siku hizo, na sisemi hivi kwa sababu amekufa.

Kazini nako nilikuwa na bahati yangu. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi alipanda kutoka chini daktari wa moyo, Dokta Mbaga, Mpare mwembamba asiyecheka ovyo, na mashine yake ya kupiga picha ya moyo ndani ya begi. Mimi nilichaguliwa kumsaidia kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri, hakuna zaidi. Siku ya kwanza alinikalisha akanieleza kipimo kwa namna ambayo mpaka leo nawaelezea hivyo hivyo wanafunzi wangu. "Umeiona mifereji ya watu wa huku, ya kumwagilia?" aliniuliza. "Akimwagilia mtu mmoja, maji yanafika kila tuta. Wakifungua wote kwa pamoja, mfereji uliojaa tope unaumbuka: tuta lake linakauka. Moyo ni hivyo. Mtu akiwa amelala hapa kitandani, mishipa iliyoziba nusu inatosha, na picha ni nzuri. Mfanyishe moyo kazi ndipo utaona upande unaokosa damu. Ukuta wake unazubaa, wenzake wanakaza." Huko mjini, alisema, wagonjwa wanatembezwa kwenye mashine ya mkanda, kitanda kiko hatua mbili. Sisi hatukuwa na mkanda. Tulikuwa na ngazi sitini na nne za mawe kutoka geti la chini mpaka kwenye baraza ya wagonjwa wa nje, na chumba cha picha kilikuwa mwisho wa baraza hiyo.

Basi utaratibu ulikuwa huu. Kwanza mgonjwa anapimwa amelala, na mwenye dalili mbaya harudishwi ngazini hata kidogo. Aliyepita anashuka nami mpaka getini, tunapanda kwa mwendo wa haraka, tunashuka, tunapanda tena, mimi nahesabu mapigo yake, mpaka moyo ufike mahali daktari anapotaka. Halafu, na hapa ndipo alipotoa macho, kutoka ngazi ya mwisho mpaka kulala kitandani isizidi dakika moja. "Moyo ukipumzika, unaficha," alisema. "Ukuta uliozubaa unarudi kazini kama mfanyakazi aliyesikia bosi anakuja. Dakika moja, Zuhura. Ikizidi, niambie, tutarudia. Picha ya dakika tatu siyo picha." Alinipa saa ya kuhesabia sekunde, nikaivaa shingoni kwa kamba ya kiatu, na nikajiona mtu mkubwa kweli. Mwezi wa pili mgonjwa mmoja alinichelewesha kutafuta kandambili yake iliyomvuka mguuni, na Dokta Mbaga aliniambia mbele ya watu kwamba likitokea tena atatafuta mtu mwingine mwenye mwandiko mbaya lakini miguu mepesi. Nililia chooni.

Sasa habari ya Mama Tumaini niliipata kwa ukuta wa mbao. Ilikuwa jioni ya saa kumi na moja, nimejilaza baada ya zamu, nao wako jikoni wanachambua maharage. Mara nyingi nyumbani walisema Kishambaa, lakini Tumaini akigombana huhamia Kiswahili cha shule. "Mama, mwambie dada Zuhura." "Nimwambie nini?" "Hicho kifua." "Hii ni gesi ya maharage." "Gesi gani inakuja ukipanda tu, ukishuka haiji?" Halafu nikasikia Mama Tumaini anasema taratibu, na ndiyo maneno yaliyoniamsha kitandani: "Nikienda wakaniambia moyo, nani atapanda na tenga? Wewe una mitihani. Nyamaza, chambua maharage." Nilitoka na kanga begani nikasimama mlangoni pa jikoni. Wote wawili walijua nimesikia. Nikambembeleza siku tatu. Alikuwa akijibu neno lilelile la Kishambaa ambalo watu wa kule hujibia salamu zote, "niwedi", yaani mzima, hata ukimkuta ameshika ukuta. Siku ya nne akasema sawa, nitakuja nikishapanda viazi.

Alikuja Jumanne ya kwanza iliyofuata, amevaa gauni la kanisani na viatu vya kamba, kajipaka mafuta, kama anakwenda kubariki mtoto. Picha ya kulala ikatoka safi. Tukashuka getini. Nikamkumbusha: "Mama, tukifika juu hatusimami. Moja kwa moja kitandani." "Nimesikia, mwanangu." Tukapanda, tukashuka, tukapanda. Jamani, mama yule alikuwa na miguu! Mimi ndiye niliyekuwa natweta. Mapigo yalipanda vizuri, ngazi ya sitini na nne tukaikanyaga, nikabonyeza saa, na pale pale kwenye benchi la kliniki ya macho, hatua kumi kutoka mlango wetu, alikuwa amekaa Mzee Shabani na kofia yake ya kufuma. "Aa, Mama Tumaini! Na wewe uko huku?" Mama akasimama. "Shikamoo, Mzee Shabani." "Marahaba." Wakahamia Kishambaa, na ukisikia wazee wa kule wamehamia Kishambaa, tafuta pa kukaa. Nyumbani, watoto, ng'ombe, viazi, macho, mvua. Mimi nimesimama na saa shingoni inakwenda. Nimshike mkono nimvute? Nimkatize mzee anayenichinjia kuku kila Jumapili, msichana wa miaka ishirini na minne nisiye na mbele wala nyuma? Nilikohoa. Nilikohoa tena. Wakadhani nimepata mafua ya baridi, Mzee Shabani akanipa pole. Mama Tumaini alipolala kitandani, saa ilisema dakika tatu na sekunde kumi.

"Muda?" akauliza Dokta Mbaga, macho kwenye kioo. Nilitazama saa. Nilimtazama Mama Tumaini amelala ubavu wa kushoto, mkono chini ya shavu, ananiangalia. Nikasema, "Dakika moja, daktari." Sijui hata yalivyotoka. Niliogopa kufukuzwa, huo ndio ukweli, na siupambi. Lakini pia nilitamani sana awe mzima, na nilidhani labda kutamani kwangu kutasaidia. Daktari akazungusha kile kifaa kifuani, akatazama muda mrefu, akashangaa mapigo yalivyokwisha kushuka. "Watu wa mlima," akasema. "Moyo wao unatulia upesi. Mama, uko vizuri. Kuta zote zinafanya kazi." Mama Tumaini akafunika mdomo akacheka. Mimi nikaandika kwenye faili kwa mwandiko wangu mzuri: dakika moja.

Jioni ile alichinjwa kuku katikati ya wiki. Tumaini aliimba jikoni. Mama alipika wali, wali wa mchele wa Korogwe aliokuwa ameuhifadhi kwa ajili ya Krismasi, na akaniwekea mimi kidari na firigisi, ambazo kwa haki ni za mwenye nyumba. "Kula, mwanangu, wewe ndiye uliyenipeleka." Nikasogeza sahani pembeni. Nilisingizia jino. Asubuhi yake nilimwona kupitia dirisha langu anashuka bondeni na tenga tupu, mwepesi, na jioni nikamwona anapanda na tenga limejaa. Nilianza kumhesabia, nisijue nahesabu nini. Naeleza haya taratibu kwa sababu ndiyo yaliyonifanya niwe mtu niliye. Wiki nzima niliketi pale dirishani kila nikitoka kazini, na wiki ya pili ndipo nikaona. Mama Tumaini akishuka, anapungia watu mkono, "Onga mahundo!", salamu yao ya Kishambaa, anapita. Akipanda, anasimama. Anasimama kwa mama wa duka, anasimama kwa fundi baiskeli, anasimama kwa watoto wa shule wamsalimie mmoja mmoja. Hakuna mtu, anasimama anamsalimia mbuzi aliyefungwa. Na kila aliposimama, mkono mmoja ulishika tenga, wa pili ulikwenda kifuani. Kila mtu wa kitongoji alimsifu, mama yule ana adabu, hampiti mtu. Loo! Alikuwa anapumzisha kifua. Na mbele ya Mzee Shabani, pale barazani, hakuwa amesahau nilichomwambia. Kilimbana, akasimama, akasalimia, kama alivyozoea.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sasa pale tulikuwa wawili, yeye anaficha maradhi na mimi nimeyaandikia cheti. Kulikuwa kumebaki siku kumi na sita mpaka Jumanne ya kwanza, na simu ya daktari nilikuwa nayo, nikaitoa mfukoni mara ngapi, nikairudisha. Badala yake nikajifanya mkulima. Nikitoka zamu nashuka bondeni, nampokea tenga. "Zuhura, utavunjika shingo, kichwa cha Tanga hakijui tenga." "Nataka kujifunza, mama." Watu walinicheka mpaka basi, karoti zinaporomoka, watoto wanazikimbiza. Usiku nalala na mgongo unauma, na nafurahi kwamba leo nimelibeba mimi. Siku moja mvua ilininasa kazini nikachelewa, nikamkuta katikati ya kipando amekaa kwenye utelezi, tenga pembeni, midomo imekuwa ya kijivu. "Niwedi," akasema kabla sijauliza. Nilikaa naye kwenye matope mpaka pumzi ikarudi, halafu nikatoa simu hapo hapo mbele yake na kumpigia Dokta Mbaga, nikamwambia tu kwamba yule mama wa mwezi uliopita ana hali hii. Akasema asibebe kitu, asipande, aanze vidonge fulani ambavyo nitamchukulia dirisha la dawa, na Jumanne awe wa kwanza. Hali ya kifua nilimwambia. Habari ya saa sikumwambia.

Hiyo niliisema Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, kabla hajafungua begi. Nilikuwa nimepanga hotuba ndefu. Ikatoka hivi: "Daktari, haikuwa dakika moja. Ilikuwa tatu na sekunde kumi. Nilidanganya." Alikuwa anavua koti la mvua, mkono mmoja umo, mmoja umetoka, akabaki hivyo hivyo. "Unajua ungemzika?" aliuliza. Nikaishika saa shingoni. "Nimekuuliza." "Najua, daktari." Akamaliza kuvua koti, akalitundika, akalifuta maji, kazi ndogo ndogo za mtu anayezuia hasira. Kisha akatafuta faili, akanipa kalamu. "Kata. Andika muda wa kweli. Weka jina lako lote na saini, asome kila atakayelifungua." Nikaandika, mwandiko mzuri wote umekimbia. Nilimwomba jambo moja tu, asimwambie Mama Tumaini. "Hilo ni lako," akasema. "Mimi nitamwambia picha ya kwanza haikufaa, na ni kweli haikufaa. Mengine utamwambia mwenyewe siku utakayoweza." Miaka kumi na minane, na siku hiyo sikuiweza.

Kulikuwa bado na tatizo la benchi. Baraza ya Jumanne hujaa watu, na nusu yao wanamfahamu. Dokta Mbaga akasema wafukuzwe, nami nikamwambia huwezi kufukuza wazee kutoka kliniki kwa sababu wana adabu. Aliyetatua ni Mama Tumaini mwenyewe. Alipoelezwa kwa nini picha lazima iwe ya haraka, alitikisa kichwa, akajifunga kitenge upya, akaenda kwenye benchi la kwanza. Akasalimia mtu mmoja mmoja, mkono kwa mkono, nyumbani, watoto, ng'ombe, mpaka benchi la mwisho, ikachukua karibu nusu saa na daktari anatembea chumbani kama simba. Kisha akasimama katikati akasema kwa sauti: "Jamani, nimewasalimu wote. Sasa nitapita hapa mbio nikitokea ngazini, na sitasimama. Msinione sina adabu. Daktari anautaka moyo wangu ukiwa bado una moto." Watu wakacheka. Mzee Shabani, ambaye macho yake yalimrudisha kliniki kila mwezi, akasema, "Pita, dada. Hatutakuona."

Picha ya kulala ilipotoka safi tena, tulianza kupanda. Sasa sikumwacha atembee kimya, nilimwambia kila ngazi kumi aniambie ukweli, si "niwedi". Ngazi ya thelathini akasema bado. Duru ya pili, ngazi ya arobaini, akanishika mkono, akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Zuhura mwanangu, kinabana." Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema. Nikamwambia inatosha, mama, sasa twende kitandani, nimekushika. Tukamaliza zilizobaki, tukatokea barazani, na nilichokiona pale ninakikumbuka kuliko harusi yangu. Watu wote walikuwa wamegeukia ukutani. Wazee na kofia zao, akina mama na watoto mgongoni, benchi zote tatu, wametupa visogo ili asilazimike kumsalimu mtu. Mtoto mmoja alitaka kugeuka, bibi yake akamrudisha uso. Tukapita katikati yao kimya, zinasikika soli za viatu vyake vya kamba tu, na alipolala kitandani saa ilisema sekunde arobaini na tano.

Daktari alinivuta bega nitazame kioo. Kuta tatu zilikuwa zinakaza kwa nguvu, na upande wa mbele ulikuwa umezubaa, unafuata nyuma nyuma, umechelewa. Hata mimi niliyekuwa najua kusoma kidogo tu niliuona. Akampulizia dawa chini ya ulimi, tukakaa naye, na mbele ya macho yetu ule upande ukaanza kurejea kazini, taratibu, mpaka dakika ya tatu ukawa sawa na wenzake, mzuri kabisa, kama ule niliouandikia cheti. Nilimshika Mama Tumaini mguu. "Mama," daktari akamuuliza, "haya maumivu yameanza lini?" "Mwaka juzi," akasema. "Mapeasi yalipokuwa yanaiva." "Na hukusema." "Daktari, mtu akikuuliza hujambo, unamwambia nini?"

Alipewa vidonge vya kila siku na karatasi ya kwenda mjini. Miaka ilipopita na huduma ilipofika Dar, alipelekwa akawekewa kile kijibomba cha waya cha kuuacha mshipa wazi, akarudi anasimulia lifti kuliko operesheni. Tenga la bondeni alikatazwa. Alinuna wiki mbili, halafu wajukuu wa Mzee Shabani wakawa wanampandishia mzigo, naye akaanza kufuga kuku uani kwa hasira, akawa na kuku wengi mpaka wengine wakawa wanalala chumbani kwangu juu ya tenga la matunda. Mwaka ukaisha, nikahamishiwa Tanga, na leo nina chumba changu cha picha chenye mashine ya mkanda na kitanda hatua mbili. Kwa miaka yote hiyo nilipanda kumwona, nikala kidari na firigisi, na kila mara nikaondoka nalo neno langu. Ningeanzaje? Mtu anakuwekea firigisi, unamwambia nilikaribia kukuua?

Basi siku ya mazishi, baada ya mchungaji kumaliza na watu kutawanyika kwenye sahani za pilau, nilikaa peke yangu kando ya tuta la kaburi, viatu bado mkononi. Tumaini akaja akakaa. Sasa ni mwalimu, mama wa watoto wawili, na mdomo bado haujampungua. "Dada Zuhura, umechelewa." "Nimechelewa, mdogo wangu. Dakika mbili." Nikataka kumweleza kwamba nilikuwa na neno, nikashindwa, nikaanza kulia kilio kibaya cha kamasi. Akanipa ncha ya kitenge chake. "Mama alijua," akasema. "Alijua nini?" "Wiki iliyopita aliniambia: Zuhura akija, hata akichelewa, mwambieni nilimsikia siku ile akisema dakika moja. Nilikuwa nimelala pale, najua nilivyosimama. Nikanyamaza, maana na mimi nilitaka niambiwe mzima. Tulidanganya wote wawili, ila yeye ndiye aliyerudi kusema kweli, la sivyo daktari angejuaje kwamba picha ya kwanza haikufaa." Nikamuuliza mbona hakuniambia miaka yote. "Alisema wewe ndiye unayeona aibu, asingeweza kukuanza. Alikuwa anakungoja useme. Ukija, anakupikia, anakungoja." Nikazihesabu zile firigisi zote kichwani mwangu, moja moja, na nikalia upya.

Nilishuka saa kumi ili niwahi basi la mwisho. Kwenye kona ya bomba Mzee Shabani alikuwa bado amekaa juu ya jiwe lake. Nilikuwa na dakika chache sana. Ningeweza kumpita tu, haoni. Nikasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Zuhura. Umewahi?"

"Nimewahi, mzee."

Akapapasa hewa mpaka akaupata mkono wangu, akausogeza kwenye jiwe nikae, akaanza upya: Tanga hawajambo? Nikamwambia hawajambo. Akauliza mume, nikamweleza habari ya mume, na basi likapiga honi huko chini likaondoka.